Majina ya Penseli

Awoi alisuka vikapu hapo Kakuma. Asubuhi alishuka kwenye mchanga wa mto Tarach, akakata majani machanga ya mkoma na kuyaanika. Mchana alisuka. Siku tatu kila wiki, jua likishapungua, aliacha kazi akaenda ngumbaru, yaani darasa la watu wazima. Darasa lilikuwa kwenye banda la mabati karibu na misheni. Mwalimu wao alikuwa Jepkoech, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliyeletwa na kazi kutoka Nandi.

Mwaka huo ulikuwa 1977. Awoi alikuwa ameanza kusoma. Alisoma polepole, herufi moja moja, kidole kikitangulia na macho yakifuata.

Mumewe, Lotiir, alichunga mbuzi wachache waliosalia baada ya ukame. Binti yao, Akidor, alikuwa na miaka kumi na minne. Alikaa Lodwar kwa mama yake mdogo, na huko alisoma katika shule moja ya mjini tangu darasa la nne. Sasa alikuwa darasa la saba. Mwisho wa mwaka angefanya mtihani wa CPE, ule wa kumaliza shule ya msingi.

Jumanne moja, saa sita mchana, lori la mahindi lilisimama barabarani. Akidor akashuka. Alikuwa amevaa sare ya shule, na muhula haukuwa umekwisha.

"Ejok," Awoi alimwamkia.

Mtoto hakuitika. Alitembea hadi kwenye kivuli cha nyumba. Kisha akasimama, akageuka, akatazama chini, kule alikotoka.

"Unatafuta nini?" mama aliuliza.

"Nyayo zangu," Akidor alisema. "Naona zipo."

Awoi aliweka kikapu chini. Alimpa maji, akangoja anywe.

"Jana walisoma majina ya watakaofanya mtihani," Akidor alisema. "Waliyasoma yote. Langu halikusomwa. Nikamuuliza Mwalimu Kipkemboi. Akasema jina langu halimo kwa sababu mimi simo."

"Humo wapi?"

"Shuleni. Alisema sijawahi kuwamo."

Jioni hiyo Lotiir alirudi na mbuzi, akasikia habari hiyo. "Karatasi ni zao," alisema. "Wakisema mtu hayumo, nani atabisha?" Mama yake Lotiir, bibi kizee aliyekuwa amelala kwenye ngozi, alimtazama mjukuu wake usoni. Alisema kuna ekipe, pepo mbaya, anayemfunika mtu ili wenzake wasimwone. Awoi hakupenda maneno hayo. Lakini siku ile alimwita binti yake mara tatu kabla hajageuza kichwa.

Siku ya pili mama na binti walipanda lori kwenda Lodwar. Walifika shuleni kesho yake saa sita. Jua lilikuwa limesimama juu ya paa za mabati. Upepo ulikokota vumbi uwanjani. Kamba ya bendera iligonga mlingoti, ikagonga, ikanyamaza. Watoto mia tatu walikuwa madarasani, na hapakuwa na sauti hata moja.

Hedimasta alikuwa mtu mpole. Aliwapa viti. Aliwapa maji katika bilauri safi.

"Mimi natafuta jina ya mtoto yangu," Awoi alisema.

Hedimasta alifungua kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Majina yote mle yalikuwa yameandikwa kwa wino wa buluu. Alishuka na kidole ukurasa mzima, akageuza, akashuka tena. Hakuwa na haraka.

"Hayumo, mama," alisema.

"Amesoma hapa miaka tatu."

"Pengine ni shule nyingine. Watoto huchanganya." Alitoka nje, akarudi na mwalimu kijana mrefu. "Mwalimu Kipkemboi, unamjua msichana huyu?"

Kipkemboi alimtazama Akidor. Alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayetazama kitu kilicho mbali sana.

"Hapana," alisema.

"Mwalimu," Akidor alisema kwa sauti ndogo, "wiki iliyopita uliniambia nifute ubao."

Kipkemboi aligeuka akatoka. Hedimasta aliwasindikiza hadi mlangoni. Akawaambia, kwa upole uleule, kwamba orodha ya mtihani ingefungwa Ijumaa ya wiki ijayo, na kwamba aliwatakia safari njema.

Walipita mbele ya darasa la saba. Madirisha yalikuwa wazi. Nyuso arobaini ziliwatazama. Hakuna aliyepunga mkono. Akidor alinyoosha kidole kwenye dawati la pembeni. "Pale ndipo nilipokaa," alisema. Pale palikuwa na msichana mmoja, ameketi katikati ya benchi la watu wawili, kama mtu ambaye amekaa peke yake siku zote.

Ndani ya lori, wakirudi, Akidor aliuliza, "Mama, kama sikuwa pale, basi nilikuwa wapi?"

Awoi alimshika mkono mpaka Kakuma.

Jumamosi alikwenda na Akidor kwa Mwalimu Jepkoech nyumbani. Jepkoech alikuwa akipepeta mchele. Alisikiliza yote bila kukatiza. Kisha akaweka ungo chini.

"Walisoma majina mangapi ya Waturkana?" aliuliza.

Akidor alifikiri. "Matatu. Mtoto wa chifu, na wawili ambao baba zao wanafanya kazi ofisini."

"Na darasani mko Waturkana wangapi?"

"Tulikuwa kumi na wawili."

"Kitabu alichokisoma hedimasta, ndicho mwalimu wenu anachotumia kuita majina asubuhi?"

"Anaita kwa vitabu viwili," Akidor alisema. "Kwanza kile cheusi. Halafu kingine, chembamba. Sisi tuko kwa kile chembamba. Kinaandikwa kwa penseli."

"Sasa nimeelewa," Jepkoech alisema. "Mama Akidor, hii si kazi ya pepo. Ni kazi ya penseli na raba."

"Wanaweza kufanya hivyo?"

"Wameweza. Lakini hawana ruhusa." Jepkoech aliingia ndani, akatoka na kitabu chembamba kilichokunjamana pembe. "Hii ni Katiba ya Kenya. Katiba ni sheria kubwa kuliko sheria zote. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo nitakueleza. Hapa, sura ya tano, kifungu cha themanini na mbili. Inasema mtu anayefanya kazi ya serikali asimtendee mwananchi kwa ubaguzi. Asimnyime haki yake kwa sababu ya rangi yake, au kabila lake, au mahali alipotoka, au mahali anapokaa, au siasa yake, au dini yake."

Awoi aliinama juu ya ukurasa. Hakujua Kiingereza, lakini herufi alizijua. "Na kwa sababu ni msichana?" aliuliza.

Jepkoech aliupitia mstari tena kwa kidole. "Hilo halikutajwa katika mstari huu," alisema. "Siwezi kukudanganya. Lakini Akidor hakufutwa kwa sababu ni msichana. Kuna wasichana wengi kwenye kitabu cheusi. Kinachowatenga ni kabila na mahali. Na hayo yametajwa."

"Kwa hiyo twende tukamwambie hedimasta."

"Hapana. Maneno matupu anaweza kuyakana, kama alivyomkana mtoto. Tutaandika barua kwa afisa wa elimu. Tutasema mtoto ni nani, alisoma miaka gani, nani alimfundisha, na aliambiwa nini na siku gani. Hatutatukana mtu. Tutaomba tujibiwe kwa maandishi. Na nakala tutabaki nayo."

Waliandika siku hiyo hiyo. Jepkoech alisema na Awoi akaandika, maana Jepkoech alikataa kuishika kalamu. "Mtoto ni wako," alisema. "Mwandiko uwe wako." Barua ilikuwa na mistari kumi na mmoja. Ilichukua saa tatu. Awoi alitia sahihi chini, kisha akainakili tena yote kwenye karatasi ya pili.

Lotiir alisimama mlangoni akimwangalia mkewe akiandika. Kesho yake asubuhi aliuza beberu mmoja ili wapate nauli, na akapanda lori pamoja na mkewe na binti yao. Jepkoech alikwenda pia.

Afisa wa elimu wa Lodwar aliitwa Bwana Mureithi. Alikuwa mgeni wilayani, na alikuwa na kikohozi cha vumbi. Aliisoma barua mara mbili.

"Nani ameandika hii?"

"Mimi," Awoi alisema.

Alimtazama, akaisoma mara ya tatu. Akachukua kofia yake. "Twendeni sasa," alisema. "Kesho vitabu vinaweza kuwa vingine."

Hedimasta aliwapokea kwa upole. Alileta kitabu cheusi. Bwana Mureithi akaomba na kile chembamba. Hedimasta alikawia, kisha akakitoa kwenye kabati. Jalada lake lilikuwa na neno moja: Wahamaji.

Bwana Mureithi alikifungua. Ukurasa wa kwanza haukuwa na kitu. Wa pili haukuwa na kitu. Alifungua mpaka mwisho. Zilikuwepo kurasa ishirini, zote tupu, lakini hazikuwa nyeupe kama za kitabu kipya. Zilikuwa zimechoka na kuota vinyweleo, kama ngozi iliyosuguliwa.

"Hiki hakina jina hata moja," Bwana Mureithi alisema.

"Hatujakitumia," hedimasta alisema.

"Naomba nishike," Awoi alisema.

Alikuwa msukaji. Vidole vyake vilizoea kutafuta uzi wa jani hata gizani. Alipitisha kidole juu ya ukurasa, na kidole kikasimama. Kulikuwa na mfereji mdogo. Na mwingine. Alikipeleka kitabu dirishani, akakilaza upande ili mwanga uingie kwa mshazari.

Herufi zikatokea. Hazikuwa na rangi. Zilikuwa vivuli tu, vilivyoachwa na penseli iliyokandamizwa. Awoi alianza kusoma, midomo ikitikisika.

"A. Ki. Do. R."

Akidor alikuwa ameketi karibu na mlango. Aliinua kichwa.

"Lakini kuna ingine," Awoi alisema. "Chini yake kuna ingine. Na hapo chini ingine tena."

Bwana Mureithi alisogea. Ilikuwa kweli. Kila mstari ulikuwa na majina matatu, manne, moja juu ya jingine. Kila mwaka majina yalikuwa yamefutwa, na mwaka uliofuata watoto wengine wakaandikwa palepale. Kurasa zilizoonekana tupu zilikuwa zimejaa. Bwana Mureithi aligeuza ukurasa baada ya ukurasa kwenye mwanga.

"Hawa wote ni akina nani?" aliuliza.

Hedimasta aliketi. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipungua upole. "Bwana, hawa ni watu wa kuhama. Leo wako, kesho wamefuata mbuzi. Ukiwaandika kwa wino, hesabu ya shule inaharibika. Na kwenye mtihani wanashusha matokeo. Nilisema nitawaandika kwa wino wakionyesha kwamba watadumu."

"Huyu amedumu miaka mitatu. Mbona hakuandikwa kwa wino?"

Hedimasta alikifunga kitabu cheusi.

Bwana Mureithi alikwenda darasa la saba, na wote wakamfuata. Alimsimamisha Akidor mbele. "Nani anamjua msichana huyu?" aliuliza.

Nyuso arobaini zilitazama chini. Mwalimu Kipkemboi alikuwa ukutani, chaki mkononi. Upepo ulipita kwenye mabati. Akidor akaanza kutazama tena sakafu alipokanyaga.

Ndipo msichana wa dawati la pembeni akasimama. Aliitwa Bilha, binti wa Sajenti Mutua wa polisi.

"Anaitwa Akidor," alisema. "Nakaa naye. Tuliambiwa tukimtaja na sisi tutaandikwa kwa penseli."

"Wewe umesoma shule ngapi, Bilha?"

"Tatu, bwana. Machakos, halafu Garissa, halafu hapa. Baba huhamishwa."

"Na jina lako liko wapi?"

"Kwa kitabu cheusi."

Bwana Mureithi alimgeukia hedimasta. "Mtoto huyu amehama mara nyingi kuliko yule," alisema. "Kama tatizo ni kuhama, penseli ingekuwa ya wote wawili. Kwa hiyo tatizo si kuhama. Umetazama kabila, ukaliita kuhama. Katiba inakataza hivyo."

"Serikali yenyewe imewatenga," hedimasta alisema. "Si iliondoa karo wilaya hii kwa ajili yao? Na mimi nimewapa kitabu chao."

"Karo iliondolewa ili waingie," Bwana Mureithi alisema. "Kitabu chako kinawatoa. Kumsaidia aliyeachwa nyuma si sawa na kumweka nyuma. Leta wino."

Majina ya wote tisa yaliandikwa palepale katika kitabu cheusi, mezani pa mwalimu, mbele ya darasa. Kipkemboi ndiye aliyeandika. Alipofika kwa Akidor alisimama. "Nilikujua," alisema bila kumtazama. "Niliogopa kupoteza kazi." Akidor alikwenda akaketi mahali pake. Mwalimu alipoita majina kuanzia juu, na kufikia lake, alisikika kutoka dawati la pembeni.

"Niko."

Lotiir alikuwa nje ya dirisha. Alisikia, akashika chuma cha dirisha kwa mikono miwili.

Watoto tisa waliingizwa kwenye orodha ya mtihani kabla ya Ijumaa. Bwana Mureithi alitoa amri ya kuwa na kitabu kimoja tu shuleni hapo, kwa wino, kwa watoto wote. Mtoto anayehama angepewa barua ya uhamisho, awe wa mchungaji au wa polisi. Hedimasta aliondolewa, akaletwa mwingine. Mwezi wa Januari matokeo yalifika: Akidor alikuwa amefaulu, na akaitwa kidato cha kwanza. Bibi yake alimwita jina mara moja tu, akaitika.

Lakini kile kitabu chembamba kilibaki na kazi. Bwana Mureithi na karani wake walikaa nacho dirishani wiki mbili. Walitoa majina mia moja na sita yaliyosomeka. Nakala zilipelekwa zisomwe barazani Lodwar, kwa wakaushaji samaki wa Kalokol, na kwa wavuvi wa Ferguson's Gulf, kule ziwani. Nakala ya Kakuma alipewa Awoi aisome.

Alisimama mbele ya watu sokoni, akasoma. Baada ya kila jina alingoja. Mara nyingine mtu alijibu: huyo yuko Kitale, huyo ameolewa, huyo alikufa mwaka wa kipindupindu. Mara nyingine hakuna aliyejibu. Watu walitazamana. Wazazi waliohama walikuwa wamehama, na jina lilibaki hewani, juu ya magunia na mbuzi, mpaka Awoi akashuka kwenye la pili. Wanawake wengine walisema hawapendi kusikia hayo. Awoi aliyasoma yote.

Mwezi mmoja baadaye, alasiri, mtu alisimama mlangoni pa banda la ngumbaru. Alikuwa kijana mkubwa, mrefu, anayenuka samaki. Miguu yake ilikuwa na vumbi la siku nyingi.

"Natafuta mama anayesoma majina," alisema. "Mimi ni Ekwam. Nimetoka Kalokol. Nilisikia jina langu limo."

Awoi alifungua karatasi. Alimwonyesha mstari. Ekwam hakuweza tena kusoma kilichoandikwa, lakini aliinama akakitazama kwa muda mrefu.

"Kwa hiyo ni kweli," alisema. "Nilikuwa mdogo. Waliponiambia sikuwahi kuwamo, nilirudi ziwani. Mwaka wa kwanza niliwaambia watu kwamba nilisoma. Mwaka wa pili nikanyamaza. Baadaye nikafikiri nililiota lile darasa."

"Unakumbuka chochote?" Jepkoech aliuliza.

Ekwam alifumba macho. Alisimama wima, mikono kando, kama mtoto wa shule.

"Saba mara moja, saba. Saba mara mbili, kumi na nne. Saba mara tatu, ishirini na moja. Saba mara nne, ishirini na nane."

Alifumbua macho.

"Hapo ndipo niliambiwa nitoke," alisema.

Wanafunzi wa ngumbaru, wazee kwa akina mama, walisogea kwenye benchi mpaka nafasi ikapatikana. Jepkoech alichukua chaki.

"Saba mara tano," alisema, akamngoja akae.